Kupanga vichwa vya safu za DataGridView kwenye dizaina ya Windows Forms

Maswali ni yale yale kila kundi jipya linapoanza Windows Forms. "Nimebadili rangi ya kichwa cha safu, mbona hakibadiliki?" "Mbona safu zangu zimetokea mara mbili?" "Kichwa kinasomeka bei_kuuza, nifanyeje kisomeke vizuri?" Mwongozo huu unayajibu yote kwa mpangilio, ukianzia kwenye gridi tupu (`DataGridView`, jedwali linaloonyesha data kwenye fomu) hadi gridi ambayo mtu wa dukani anaweza kuitumia bila kukuuliza kila neno lina maana gani.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu. Kichwa cha safu ni maandishi anayoyasoma mtumiaji kabla ya kusoma takwimu yoyote. Ukimwachia `bei_kuuza` na `tar_mwisho`, umemwachia majina uliyojiwekea wewe mwenyewe. Muuzaji wa duka la dawa mwenye foleni mbele yake hana muda wa kubahatisha.

Mfano tutakaotumia ni huo huo, duka la dawa. Jedwali kwenye kanzidata linaitwa `dawa`, nalo lina sehemu tano: `dawa_id`, `jina`, `idadi`, `bei_kuuza` na `tar_mwisho`.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Visual Studio yenye mradi wa Windows Forms unaofunguka na kuendeshwa bila kosa. Toleo la bure la Community linatosha.
- Fomu moja tupu. Usifanyie majaribio kwenye fomu ya kazi.
- Chanzo cha data kinachofanya kazi, hata kama ni `DataTable` (jedwali la data lililo ndani ya programu) uliyoijaza mwenyewe kwa mistari mitatu.
- Karatasi yenye vichwa unavyovitaka, vimeandikwa kwa maneno ya mtumiaji. Muulize yeye. Wewe unaweza kusema "kiasi" wakati yeye siku zote husema "idadi iliyobaki".

Mistari ya msimbo hapa ni ya C#. Kama unatumia VB.NET, ondoa nukta-mkato mwishoni na uandike `False` badala ya `false`. Majina ya sifa ni yale yale, ila utaratibu huandikwa kwa `Private Sub` na `End Sub` badala ya mabano, na `Columns["colBei"]` huwa `Columns("colBei")`.

Hatua ya 1: Weka gridi na uipe jina

Fungua Toolbox, buruta `DataGridView` uiweke kwenye fomu. Bonyeza F4 upate dirisha la Properties, kisha ubadili `(Name)` kutoka `dataGridView1` kuwa `dgvDawa`. Fanya sasa hivi, kabla hujaandika msimbo wowote unaoitaja.

Ukiibofya gridi utaona mshale mdogo kwenye kona ya juu kulia. Huo ndio mlango wa kazi nyingi zinazofuata. Ukiubofya, utapata `Choose Data Source`, `Edit Columns` na `Add Column`.

Tahadhari: kama umeunganisha chanzo cha data kupitia `Choose Data Source`, dizaina (sehemu ya Visual Studio unakopangia fomu kwa kipanya) itakuundia safu zenyewe, na hilo si baya. Ubaya ni kwamba ukija kubadili chanzo hicho baadaye, safu zinaundwa upya na vichwa ulivyovihangaikia vinafutika. Kwa anayeanza napendekeza kuacha chanzo bila kuchaguliwa kwenye dizaina, safu uziongeze kwa mkono, na data uiunganishe kwa msimbo.

Hatua ya 2: Ongeza safu, na uelewe majina yake matatu

Bofya mshale, chagua `Edit Columns`, kisha `Add`. Kisanduku kitakachofunguka kitakuuliza jina, aina na maandishi ya kichwa. Aina iache `DataGridViewTextBoxColumn` kwa safu zote tano.

Hapa usikimbie. Kila safu ina majina matatu, na nusu ya matatizo ya wanaoanza yanatokana na kuyachanganya.

`Name` ni jina la safu ndani ya msimbo wako. Halina nafasi, na mtumiaji halioni kamwe. Anza na `col`: `colId`, `colJina`, `colIdadi`, `colBei`, `colMwisho`.

`HeaderText` ni kile kinachoonekana kwenye kichwa. Hapa weka nafasi, herufi kubwa, mabano, chochote mtumiaji anachohitaji: "Jina la dawa", "Idadi iliyobaki", "Bei ya kuuza (TSh)", "Mwisho wa matumizi".

`DataPropertyName` ni jina la sehemu ya kanzidata inayojaza safu hiyo, na liandikwe kama lilivyo kule: `bei_kuuza`, `tar_mwisho`. Kisanduku cha `Add` hakikuulizi jina hili kwa safu isiyounganishwa, ndiyo maana watu wengi hulisahau. Baada ya kuongeza safu zote, rudi kwenye orodha ya kushoto ndani ya `Edit Columns`, chagua safu moja moja, na upande wa kulia ujaze `DataPropertyName`.

Ukikosea herufi moja tu hapo, programu haitalalamika. Safu itaonekana, kichwa kitakuwepo, na seli zote zitakuwa tupu. Kosa la aina hii humla mtu jioni nzima.

Mpangilio wa safu kutoka kushoto kwenda kulia unaubadili kwa vitufe vya mshale vilivyo kando ya orodha hiyo. `colId` ya kanzidata kwa kawaida haimhusu muuzaji. Iwekee `Visible` thamani ya `False`, bado utaweza kuisoma kwenye msimbo.

Hatua ya 3: Izuie gridi isijiundie safu

DataGridView ina tabia ya kujiundia safu kwa kila sehemu inayoikuta kwenye chanzo cha data. Ulizoziunganisha wewe kwa `DataPropertyName` itaziheshimu, lakini kila sehemu isiyokuwa na safu yake itaongezwa kwa jina lake la kanzidata. Sifa inayozuia hilo, `AutoGenerateColumns`, haipo kwenye dirisha la Properties. Usiitafute huko; inaandikwa kwa msimbo, na lazima itangulie mstari wa kuunganisha data.

```
private void FomuDawa_Load(object sender, EventArgs e)
{
    dgvDawa.AutoGenerateColumns = false;
    dgvDawa.DataSource = jedwaliDawa;
}
```

Njia ya kuupata utaratibu huu wa `Load` ni kubofya mara mbili sehemu tupu ya fomu. Usiinakili ikiwa nzima kutoka hapa na kuibandika, maana isipounganishwa na tukio la fomu haitaitwa kamwe. `jedwaliDawa` ni `DataTable` yako, vyovyote ulivyoiita.

Endesha programu kwa F5. Unatakiwa kuona safu nne zenye vichwa vya Kiswahili na data chini yake. Kama huoni hivyo, usiendelee na rangi. Rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Ondoa mtindo wa Windows kwenye vichwa

Hili ndilo jibu la swali la kwanza kabisa pale juu. Vichwa vya DataGridView, kwa thamani ya awali, vinachorwa kwa mtindo wa Windows yenyewe. Maadamu mtindo huo umewashwa, rangi ya nyuma utakayochagua inahifadhiwa lakini haichorwi. Hukukosea kuchagua rangi. Rangi yako imefunikwa.

Chagua gridi, nenda Properties, tafuta `EnableHeadersVisualStyles`, iweke `False`. Hiyo tu.

Hatua ya 5: Rangi, fonti na mahali pa maandishi

Kwenye Properties tafuta `ColumnHeadersDefaultCellStyle` na ubofye kitufe chenye nukta tatu. Kitafunguka kisanduku kinachoitwa `CellStyle Builder`, na chini yake utaona sampuli ya seli ikibadilika kadiri unavyobadili sifa. Weka hivi:

1. `BackColor`: rangi moja iliyokolea, kama bluu ya giza.
2. `ForeColor`: nyeupe. Kipimo changu ni rahisi: kaa mita moja na nusu kutoka kwenye skrini. Kama unakaza macho, badilisha.
3. `SelectionBackColor`: rangi ile ile ya `BackColor`, na `SelectionForeColor` ile ile ya `ForeColor`. Watu huruka hapa. Kwenye matoleo mapya ya .NET, gridi inayochagua mstari mzima hukikoleza pia kichwa cha safu yenye seli ya sasa, na usipoweka rangi hizi utaona kichwa kimoja kimegeuka rangi nyingine bila wewe kujua kwa nini.
4. `Font`: ongeza ukubwa kidogo na uweke koza (`Bold`). Pointi 10 zinatosha kwa skrini nyingi za dukani.
5. `Alignment`: `MiddleLeft` kwa sasa. Safu za tarakimu tutazishughulikia peke yake.
6. `Padding`: weka 6 juu na 6 chini. Maandishi yanayogusa kingo huchosha macho.

Usichanganye sifa hii na nyingine mbili zenye majina yanayofanana. `DefaultCellStyle` ya gridi ni ya seli za data. `RowHeadersDefaultCellStyle` ni ya ule ukanda wa kijivu upande wa kushoto. Ukiwa hapo hapo, kama mtumiaji wako haufanyii kazi ukanda huo, weka `RowHeadersVisible` kuwa `False` na gridi itapumua.

Mipaka kati ya kichwa na kichwa inatawaliwa na `ColumnHeadersBorderStyle`. `Single` inatosha kwa ofisi nyingi.

Hatua ya 6: Kimo cha vichwa

Sifa mbili zinashirikiana hapa: `ColumnHeadersHeightSizeMode` na `ColumnHeadersHeight`. Ya kwanza ikiwa `AutoSize`, na ndivyo dizaina inavyoiweka unapoburuta gridi mpya, ya pili haina kazi. Unaandika 40, unaendesha, kimo hakibadiliki.

Maoni yangu: iache `AutoSize`, na nafasi uitafute kwa `Padding` kama tulivyofanya. Kichwa kirefu kikijikunja mistari miwili, kimo kitaongezeka chenyewe. Chagua `DisableResizing` na uandike kimo kwa mkono pale tu unapohitaji gridi kadhaa zilizopangwa sambamba zilingane.

Hatua ya 7: Upana

Sifa ni `AutoSizeColumnsMode`. `Fill` inazitandaza safu zote zijaze upana wa gridi, na kwa fomu ya kawaida ndiyo ninayoitumia. Kisha ndani ya `Edit Columns` ugawe upana kwa `FillWeight`. Thamani ya awali ni 100 kwa kila safu. "Jina la dawa" ipe 220, "Idadi iliyobaki" 70.

Pamoja na hiyo, kila safu iwekee `MinimumWidth`, maana thamani ya awali ni pikseli 5 tu, na dirisha likipunguzwa safu inaweza kubaki uzi usiosomeka.

`AllCells` inapima kila seli kwenye safu. Kwa dawa mia moja haina neno, ila kwa maelfu ya mistari fomu itachelewa kufunguka. Hapo tumia `DisplayedCells`, inayopima zinazoonekana tu. Pia, safu iliyo kwenye `Fill` haikubali `Frozen`. Ukitaka jina la dawa lisimame wakati mtumiaji anasogeza gridi pembeni, safu hiyo itoe kwenye `Fill` kwanza.

Hatua ya 8: Kichwa kimoja kiwe tofauti na vingine

Bei na idadi ni tarakimu, na tarakimu husomeka vizuri zikipangwa kulia. Seli zake unazipanga ndani ya `Edit Columns`, kwenye `DefaultCellStyle` ya safu: `Alignment` iwe `MiddleRight`, na kwa bei ongeza `Format` ya `N0` ili mamia na maelfu yatenganishwe.

Wengi wanadhani hapo kichwa nacho kitahamia kulia. Hakihami. `DefaultCellStyle` ya safu inagusa seli za data peke yake, na mtindo wa kichwa kimoja haupo kwenye dizaina hata ukitafuta vipi. Unaandikwa kwenye `Load`, baada ya mistari ile miwili ya hatua ya 3:

```
colBei.HeaderCell.Style.Alignment =
    DataGridViewContentAlignment.MiddleRight;
colIdadi.HeaderCell.Style.Alignment =
    DataGridViewContentAlignment.MiddleRight;
```

Nimeita `colBei` moja kwa moja badala ya `dgvDawa.Columns["colBei"]`. Zote mbili zinafanya kazi, lakini ya kwanza ukikosea herufi utaambiwa kabla programu haijaanza. Ya pili itakuangusha mbele ya mteja.

Ukiendesha utagundua kichwa hakijalingana sawasawa na tarakimu zilizo chini yake. Kimesogea kidogo kushoto. Gridi imetenga nafasi ya kile kialama cha mshale kinachoonyesha data imepangwa kwa safu ipi. Nafasi hiyo inatengwa hata kama hakuna aliyebofya. Ni sababu hiyo hiyo inayofanya vichwa vya katikati visikae katikati kamili. Kama mtumiaji hahitaji kupanga kwa safu hiyo, weka `SortMode` ya safu kuwa `NotSortable` na tatizo linaisha. Kama anahitaji, iache. Kupanga dawa kwa tarehe ya mwisho wa matumizi kuna faida kubwa kwake kuliko pikseli chache.

Hatua ya 9: Mistari miwili, na maelezo ya ziada

Kichwa kirefu hujikunja chenyewe, kwa sababu `WrapMode` ya vichwa huwa `True` tangu mwanzo. Ila ukitaka kuchagua mwenyewe pa kukata, andika kwa msimbo:

```
colBei.HeaderText = "Bei ya kuuza" + Environment.NewLine + "(TSh)";
```

Ukiandika `\n` (alama ya mstari mpya kwenye msimbo) kwenye dirisha la Properties, utaona `\n` hiyo hiyo kwenye kichwa.

Kabla ya kurefusha kichwa, fikiria `ToolTipText`, inayopatikana ndani ya `Edit Columns`. Kichwa kiwe "Mwisho wa matumizi", na maelezo yanayotokea mtumiaji akisimamisha kipanya juu yake yawe "Tarehe iliyoandikwa kwenye boksi la dawa". `ShowCellToolTips` ya gridi lazima iwe `True`, na huwa hivyo usipoigusa.

Kama programu ni ya Kiswahili na Kiingereza

Usiandike `if` kwa kila kichwa. Chagua fomu yenyewe, weka `Localizable` kuwa `True`, kisha kwenye `Language` uchague Kiingereza. Fungua `Edit Columns` na uandike vichwa vya Kiingereza. Ukirudisha `Language` kuwa `(Default)` utaona vile vya awali vya Kiswahili vipo palepale. Visual Studio inahifadhi kila lugha kwenye faili lake la `.resx`. Lugha ya programu, yaani `CurrentUICulture`, ipangwe kabla fomu haijaundwa. Ukiipanga ndani ya `Load` umechelewa. Zingatia pia kwamba kichwa ulichokiandika kwa msimbo, kama kile cha hatua ya 9, hakifuati mpangilio huu.

Ikikwama

*Rangi ya kichwa haibadiliki.* `EnableHeadersVisualStyles` bado ni `True`. Kama umeiweka `False` na bado, angalia kama hukubadili `RowHeadersDefaultCellStyle` kwa kukosea.

*Safu zimetokea mara mbili, za Kiswahili na za kanzidata.* `AutoGenerateColumns` haijazimwa, au imezimwa baada ya `DataSource`. Na kama ni sehemu ile ile inayoonekana mara mbili, safu uliyoiunda pia haina `DataPropertyName`.

*Safu ipo, seli ni tupu.* `DataPropertyName` haifanani na jina la sehemu. Likague herufi kwa herufi, hasa kama kwenye swali la SQL umelibadili kwa `AS`.

*Programu inaanguka kwa `NullReferenceException` kwenye mstari wa `HeaderText`.* Unaita `Columns["bei_kuuza"]` wakati safu hiyo haipo bado. Ama data haijaunganishwa, ama jina unalotumia ni la kanzidata badala ya `Name`.

*Kubofya kichwa hakupangi data.* Tazama chanzo chako. Ukiunganisha `List<T>`, gridi haiwezi kuipanga, `DataTable` inapangika. Kama ni safu ya visanduku vya kutiki, `SortMode` yake huanza ikiwa `NotSortable`.

*Nimebadili fonti ya fomu, vichwa vimebaki na ya zamani.* Ukishagusa `ColumnHeadersDefaultCellStyle`, dizaina inaandika mtindo wote kwenye faili la `Designer.cs`, fonti ikiwemo. Ibadili kwa mkono kwenye `CellStyle Builder`. Usilifungue faili hilo kulihariri mwenyewe. Dizaina hulichapa upya na mabadiliko yako yatapotea, au fomu itakataa kufunguka.

*Vichwa vimepotea vyote.* `ColumnHeadersVisible` imewekwa `False`.

*Nataka kichwa kimoja kikubwa juu ya safu mbili, mfano "Bei" juu ya "Kununua" na "Kuuza".* DataGridView haina uwezo huo. Kuna wanaouchora wenyewe kupitia tukio la `CellPainting`, lakini mchoro huo unahitaji kusahihishwa kila safu inapobadili upana au gridi inaposogezwa. Andika "Bei ya kununua" na "Bei ya kuuza", uziweke safu hizo jirani, na uvipe vichwa vyake rangi moja inayotofautiana kidogo na vingine kupitia `HeaderCell.Style.BackColor`.